Re: Mtoto wa wiki 12 tumboni anajua yuko?

Ndugu, umeuliza kama mtoto wa wiki 12 anasikia mamake akipanda matatu ya Rongai yenye muziki wa kupasua masikio, na kama anajua yuko. Kwa wiki 12 hapana bana. Anarusha miguu kweli, utaona kwa skani, lakini hiyo ni uti wa mgongo na shina la ubongo tu, hakuna mtu ameamua kupiga teke. Sauti anaanza kuitikia karibu wiki ya 25, na kitu wanasayansi wengi huangalia ni nyuzi za kutoka thalamasi, ile stesheni ya katikati ya ubongo, zikifika koteksi, ile tabaka ya juu ya ubongo, na hizo huungana kati ya wiki ya 24 na 28 hivi, kabla ya hapo habari haina pa kufika. Hata baadaye yuko usingizini karibu muda wote.

Akizaliwa mambo hubadilika, ndani ya siku chache anatambua sauti ya mamake, watafiti DeCasper na Fifer walionyesha hiyo 1980. Mimi sidhani fahamu inawaka ghafla, naona inaingia polepole.

Kujitambua kwa kioo nayo ni hadithi ingine, ile ya kupakwa doa puani halafu aguse pua yake mwenyewe, wengi ni karibu miezi 18 ama miaka 2, kwa hivyo usishtuke wako akibusu "yule mtoto mwingine" wa kwa kioo cha kabati mwaka mzima.