Jibu: Hofu za wahusika katika Macbeth
Mdogo wangu wa Tanga, nimekuelewa: kwenye insha yako kuhusu hofu za wahusika katika Macbeth, tamthiliya ya Shakespeare, nukuu unazo tele, ila mwalimu anasema hujazichambua. Zipunguze. Mshike Lady Macbeth, mke wa Macbeth. Tendo la 1, onyesho la 5, anauita usiku mzito, hata kisu chake kisilione jeraha. Tendo la 5, onyesho la 1, mhudumu anasema bibi ameamuru taa isikosekane karibu naye. Aliyeliomba giza sasa analiogopa! Nukuu maneno hayo machache, kisha eleza kilichopita katikati, yaani damu ya Duncan, mfalme aliyeuawa na Macbeth kwa kuchochewa na mkewe. Hofu ya Macbeth kwa Banquo, jemadari mwenzake, aya moja yatosha.

Usinakili muhtasari wa mtandaoni, utakuponza. Soma tamthiliya yenyewe, hata pale Maktaba ya Mkoa, na rasimu mwoneshe mwalimu kabla hujakabidhi.