Polisi kumhoji mtoto bila mzazi

Pole sana dada. Umeuliza kama polisi wanaweza kumhoji mwanao wa miaka 15 wewe ukiwa umeachwa nje. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu nchi zote zimeuridhia, unasema katika ibara ya 40 kwamba mtoto asilazimishwe kukiri kosa na apewe msaada wa kisheria. Kwa hiyo usiondoke kituoni. Omba kwa heshima uingie naye, na asitie sahihi maelezo yoyote kabla wakili hajayasoma. Hapo kwenye sahihi ndipo watoto wengi wanapoumia, maana mtoto aliyeogopa husaini chochote ili arudi nyumbani. Wakimlaza kituoni, ulizia kama amewekwa mbali na mahabusu watu wazima.