Mwalimu aliyekuja kwa muda

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umepewa kazi ya kuandika wasifu wa Mwalimu, aliyenifundisha piano, utakaosomwa siku ya kumkumbuka, na umekwama mahali pamoja: kwa nini mtu mwenye vidole vile hakuwa mpiga piano wa majukwaani, "akaishia" kwenye ogani ya kanisa na kufundisha watoto skeli, zile ngazi za noti za mazoezi. Tarehe zake muulize baba yako, anazo kwenye lile daftari lake. Mimi nimekwama kwenye hilo neno lako.

Nimewahi kulitumia mwenyewe, tena mbele yake.

Nilikuwa na miaka 17, nimefaulu mtihani wa piano, kichwa kimevimba. Siku hiyo alinirudisha kwenye mstari uleule, mkono wa kushoto peke yake, polepole, sijui mara ya ngapi. Nikafunga kitabu kwa kishindo, nikamwambia sitaki kuishia kama yeye. Hakunikemea. Alikifungua kitabu, akautafuta ukurasa, akasema, "Kidole cha nne bado kinalala. Tuanze tena." Tukaanza tena.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba labda hakusikia. Mtu aliyeweza kukutolea mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu aliyeshuka kidogo katikati ya kwaya nzima, asinisikie mimi niliyeketi naye bega kwa bega! Alisikia. Nami sikumwomba radhi. Wiki iliyofuata nilikuta ameshaweka kitabu tayari, ukurasa uleule, nikaona nikilitaja nitalikuza. Nikaliacha, na wewe ndiye wa kwanza kulifukua.

Sasa nikujibu. Mpiga ogani hupimwa kwa jinsi watu wanavyoimba, si kwa anavyopiga. Najua, wewe na dada yako mlikuwa mkinimalizia sentensi hiyo mezani na kucheka. Lakini piano ukishaigonga, sauti inaanza kufa yenyewe, na ufundi wako ni kumfanya msikilizaji aamini kwamba inaendelea. Ogani, kinanda cha mabomba, ni kinyume chake: bomba linalia mpaka uinue kidole, na ukibonyeza kwa hasira au kwa upole linalia vilevile. Mkononi unabaki na vitu viwili tu, lini uanze na lini uachie. Mwalimu alikuja kutoka kwenye piano, akajifunza kuachia. Kati ya ubeti na ubeti aliinua mikono, akavuta pumzi kwa mdomo wazi kama mwimbaji, na watu wote walivuta naye bila kujua wamefundishwa na nani. Tena hakupiga noti tu, alipiga maneno. Ubeti wa kwanza unaweza kuwa na mkato mahali ambapo ubeti wa tatu neno linaendelea, na yeye hakuukata ubeti wa tatu pale hata siku moja.

Kanisa refu nalo lina hila yake. Mtu aliye mita 34 kutoka kwako sauti yake hukufikia baada ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukimngoja, umechelewa, naye akikusikia umechelewa, anachelewa zaidi, na kufikia ubeti wa nne mnaburuzana. "Wasikilize watu," aliniambia, na papo hapo akaongeza, "ila usiwangoje." Nilimwuliza vitu hivyo viwili vitafanyikaje kwa pamoja. Akasema nikishaacha kuuliza nitakuwa nimejua. Jibu hilo liliniudhi sana, na bado linaniudhi kidogo.

Hata hivyo kuna jioni moja ambayo sijawahi kuwasimulia. Nilisahau miwani yangu kwake, nikarudi. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na ndani alikuwa akipiga muziki wa piano wa mtunzi Schubert peke yake, taa haijawashwa. Nilisimama nje hadi miguu ikafa ganzi. Hapakuwa na mtu wa kuimba wala mtoto wa kusahihisha, na ilikuwa piano ambayo sijaisikia tena, hata kwa wale tuliolipa kiingilio kuwasikia. Alipomaliza sikubisha hodi, niliondoka bila miwani. Kile kipimo changu cha watu wanavyoimba, jioni ile hakikuwa na cha kupima.

Kwa hiyo labda swali lako ni la haki. Labda pale kitu kilipotea. Lakini kilimpotea nani? Yeye alikuwa nacho kila jioni. Tuliokikosa ni sisi. Na hapo tena najishika: mimi niliyepewa Jumapili zote zile nina haki gani ya kudai na jioni zake?

Ukimwuliza mwenyewe angekucheka. Aliombwa kushika nafasi ile kwa wiki tatu, na hata nywele zilipokwisha kuwa nyeupe alikuwa bado anasema, "Mimi niko hapa kwa muda tu." Alipenda kutusimulia habari za Charles-Marie Widor, mpiga ogani Mfaransa, aliyewekwa kwenye ogani ya kanisa la Saint-Sulpice huko Paris mwaka 1870 kwa muda tu, akaja kuiacha mwishoni mwa 1933. Alisimulia huku akivua vile viatu vyake vyembamba vya kupigia pedali za ogani kwa miguu, ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, unakumbuka. Kama kulikuwa na uchungu chini ya mzaha ule, sikuuona. Na mimi si mtu wa kutoona. Basi, labda siku ile moja niliona.

Sitakuandikia sentensi ya kuweka. Ila "akaishia" iondoe. Au iache, wasifu ni wako. Mimi nitakuwa nimeketi safu ya mbele tu nikikutazama.

Jambo moja la haraka. Kile kitabu chake cha nyimbo kiko kwangu, na alama zake za penseli za mahali pa kuvuta pumzi bado zinasomeka. Atakayepiga siku hiyo apewe mapema, aupitie ule wimbo wa mwisho, hasa ubeti wa tatu, asije akawakata watu katikati ya neno. Akimaliza akupe wewe mkononi, nawe unirudishie.

Mama yako