Sinagogi la Sardi lipo, limechimbuliwa
Ndugu, kwa wanaouliza kama kuna ushahidi wa Wayahudi katika mji wa kale wa Sardi: ushahidi upo, tena mkubwa. Mwaka 1962 wachimbuaji waliokuwa Sardi, magharibi ya Uturuki, walilikuta sinagogi ndani ya jengo lilelile la bafu la umma na uwanja wa mazoezi, katikati ya mji. Ukumbi wake una urefu wa karibu mita 60. Kumepatikana vinara vya matawi saba, pamoja na meza nzito ya marumaru yenye tai waliochongwa miguuni, mawe yaliyotolewa kwenye jengo la zamani la Kirumi.

Kinachonigusa mimi ni maandishi ya wafadhili wa sinagogi, mengi kwa Kigiriki: baadhi yao wanajitaja kuwa wajumbe wa baraza la mji. Hawa hawakuwa wageni wa kujificha.

Ila usilitumie kuthibitisha hali ya Sardi ya Ufunuo 3, barua ya Biblia kwa kanisa la Sardi. Sinagogi hili ni la karne nyingi baadaye. Wengi huliweka karne ya 4, wengine ya 6. Kwa kipindi cha kabla, tegemea Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliyenukuu amri za Kirumi kuhusu Wayahudi wa mji huo.