Wanafunzi wakiongoza somo, mwalimu anabaki na kazi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sayansi katika shule ya msingi wilayani Ilemela, na darasani nina wanafunzi 94. Kwa miaka 11 niliingia na chaki yangu, nikaeleza, nikawaandikisha, na nilijiamini. Tangu tulipoelekezwa kwamba mwanafunzi awe kitovu cha somo, raha ya kazi imenitoka. Juzi binti mmoja aliuliza kwa nini dagaa wa mama yake hukauka upesi kwenye chanja kuliko mchangani. Sikuwa na jibu, nikamwambia akae. Je, njia hii haimvunji moyo mwalimu?

JIBU: Mwalimu, pole, lakini lililokuvunja moyo si swali la binti huyo, bali ile dhana kwamba heshima yako inasimama juu ya kuwa na majibu yote. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alieleza kwamba imani hiyo hukua zaidi mtu anapofanya jambo mwenyewe akaliona limefanikiwa, kuliko anapotiwa moyo kwa maneno. Ndiyo maana semina ya siku mbili, hata iwe na posho nono, haikutoshi, na ukingoja ujiamini kwanza ndipo uanze, utangoja hadi ustaafu.

Nunua dagaa wabichi sado moja. Nusu watandazwe kwenye wavu ulioinuliwa kwa matofali, nusu chini mchangani, na wanafunzi wawaguse kila baada ya kipindi na kuandika walichokiona. Watagundua kwamba wavu hupitisha upepo juu na chini, ilhali mchangani unyevu wa upande wa chini hauna pa kutokea. Wewe utauliza, utasahihisha palipopinda, kisha utaeleza ubaoni jinsi maji yanavyogeuka mvuke, ubao haujafukuzwa.

Kwa wanafunzi 94, usijaribu hivyo kila siku. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuanzia, na vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu vitumie kumwomba mwenzako akae nyuma ya darasa akutazame. Msongamano na mshahara vitabaki vilevile, na anayekuahidi kwamba mbinu ya kufundishia itaviponya anakudanganya. Ila kuridhika kunakotokana na kumwona mtoto akielewa mbele ya macho yako ni kitu kingine, nacho hukipati ukiwa umeligeuzia darasa mgongo.

Kesho mwite yule binti, umwombe aulize tena.