Kabla ya Kuamini Takwimu za Rangi na Ndoa, Uliza Nani Alitia Alama

Rasimu ya kwanza ya sura yangu ya tatu ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nasoma demografia Marekani, matokeo ya sensa ya 2020 yalikuwa yametoka, nami nikaandika kwa kujiamini kwamba watu wa rangi zaidi ya moja wameongezeka kutoka milioni 9 mwaka 2010 hadi milioni 33.8, na kwamba huo ni ushahidi wa ndoa za mchanganyiko kushamiri. Msimamizi wangu hakubishana nami. Aliandika swali moja tu pembeni ya ukurasa: nchi hii watoto wangapi huzaliwa kwa mwaka?

Hawazidi milioni 4. Kwa miaka 10, tuseme milioni 40. Ongezeko langu lilikuwa karibu milioni 25. Ili sentensi yangu isimame, ilibidi zaidi ya nusu ya watoto wote waliozaliwa Marekani muongo ule wawe wa wazazi wa rangi tofauti. Nilijisikia kama mtu aliyehubiri nusu saa huku kanzu yake imegeuzwa nje ndani.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa karatasi yenyewe. Dodoso la 2020 liliwapa waliotia alama ya Mweupe au Mweusi nafasi ya kuandika asili yao, na ofisi ya sensa ikasoma maandishi marefu zaidi ya yale iliyosoma 2010 na kuyapa misimbo mingi zaidi. Mtu akitia alama ya Mweupe kisha akaandika asili ya Amerika ya Kusini, kompyuta ilimweka kwenye makundi mawili: Mweupe na "rangi nyingine". Kundi hilo peke yake liliongezeka kwa zaidi ya watu milioni 17. Wengi wao ni wale wale wa 2010, na wazazi wale wale. Ofisi ya sensa yenyewe ilitahadharisha kuhusu jambo hilo. Mimi sikusoma tahadhari, nilikimbilia jedwali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari, au yeyote anayetaka kusema lolote kuhusu nani anaoa nani: anza na dodoso. Lisome neno kwa neno, la mwaka huu na la mwaka unaoulinganisha nao. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Makundi haya hayajawahi kutulia. Sensa ya kwanza, 1790, ilihesabu Weupe walio huru, watu wengine walio huru, na watumwa. Mwaka 1850 wakaongezwa machotara. Mwaka 1890 karani alitakiwa kupambanua hata mwenye robo ya damu nyeusi na mwenye sehemu moja ya nane, sijui kwa miwani gani. Mwaka 1930 "Mmeksiko" alikuwa rangi; 1940 hakuwa tena. Hadi 1960 ndipo watu wengi walipoanza kujitilia alama wenyewe, na kutia alama zaidi ya moja kuliruhusiwa kwenye sensa ya 2000.

Jimbo la Virginia ndiko mambo haya yalikokuwa machungu kabisa. Sheria ya 1924 iliwagawa watu wote kuwa Weupe au "wa rangi", yaani wasio Weupe, na kupiga marufuku ndoa kati yao. Aliyeisimamia kwa ari kubwa hakuwa polisi bali msajili wa takwimu za vizazi na vifo, Walter Plecker, aliyeshika ofisi hiyo hadi 1946. Alikuwa akibadilisha vyeti vya Wahindi Wekundu kuwaandika "wa rangi", kwa sababu hakuamini kwamba wapo waliosalia bila damu nyeusi. Sasa fikiria mtafiti anayehesabu ndoa za Wahindi Wekundu kwa kutumia nyaraka zile. Nyingi zilishapitiwa na kalamu ya mtu mmoja mwenye nia yake. Richard na Mildred Loving, mume Mweupe na mke Mweusi, walikamatwa kwa sheria hiyo hiyo mwaka 1958, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta tarehe 12 Juni 1967.

Tangu mwaka huo ndoa hizi zimeongezeka kweli, hilo halina ubishi. Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kwamba mwaka 1967 asilimia 3 ya waliofunga ndoa walioana na mtu wa kundi jingine. Mwaka 2015 ilikuwa asilimia 17. Ila ukisikia 17 na mwingine akasema 10, usikimbilie kumwita mmoja mwongo. Ile 17 ni ya maharusi wa mwaka ule. Ile 10 ni ya wote waliomo kwenye ndoa, pamoja na mabibi na mababu waliooana enzi za marufuku. Tena Pew huwahesabu Wahispania, yaani Wamarekani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, kama kundi, wakati sensa ilikuwa haiwaiti rangi. Ndoa ya Mhispania na Mweupe ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika hesabu ile, kama 42 katika kila 100. Ukiziondoa, habari yako inakuwa nyingine.

Mtego ulioniuma mara ya pili ni ukubwa wa kundi. Chukua watu 1,000 walio kwenye ndoa: 900 kundi A, 100 kundi B, na ndoa 50 za mchanganyiko. Nusu ya kundi B wametoka nje. Kundi A hawafiki asilimia 6. Ndoa ni zile zile 50! Kuna watu wameandika makala nzima kueleza kwa nini B "wanapenda wageni". Lakini watu hao 1,000 wangeoana kwa kufumba macho, asilimia 90 hivi ya B wangeishia na A. Nusu ni chini sana ya hapo, kwa hiyo B wanashikamana. Linganisha na bahati nasibu kwanza, ndipo uzungumzie mapenzi.

Na mwaka 2024 serikali ya Marekani imebadilisha tena: watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, waliokuwa wakihesabiwa Weupe, wamepewa kundi lao. Mke mwenye asili ya Misri na mume mwenye asili ya Ireland waliooana miaka 20 iliyopita wataingia kwenye ndoa za mchanganyiko bila kuhamisha hata mto wa kitanda.

Mwaka 2020 mwenyewe nilihesabiwa. Tulikuwa wapangaji wanne, na dodoso la kaya hujazwa na mmoja kwa niaba ya wote. Alijaza mwenzetu wa chumba cha mbele, usiku, mimi nikiwa maktaba. Nilipokuja kumuuliza aliniandika rangi gani na asili gani, alikuna kichwa, akasema hakumbuki.