Mama wa ng'ombe anayetetea farasi wa porini

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nipo Nachingwea, nina mbuzi 14 na mikorosho kidogo. Juzi mwanangu kanionesha klipu ya mama mmoja Marekani, mfugaji wa ng'ombe kabisa, anapigania farasi wa porini wasimalizwe, nikashangaa, si wanakula majani ya ng'ombe wake hao? Mimi nguruwe pori akiingia kwenye mihogo yangu simtetei ng'o. Halafu mbona huku kusini farasi sijawahi kumuona hata mmoja? Mama Mbuzi.

JIBU: Mama Mbuzi umenichekesha. Ila ugomvi wa majani upo kweli. Kesho asubuhi mfunue mdomo mbuzi wako mmoja, mbele juu utakuta fizi tupu, na ng'ombe ni hivyohivyo. Farasi ana meno juu na chini, anakata majani karibu kabisa na udongo, kwahiyo kwenye ardhi kavu kama ya jimbo la Nevada huko Marekani ng'ombe anayekuja nyuma yake anaambulia vumbi, ndo maana wafugaji wengi kule hawataki hata kuwasikia.

Lakini aliyewapigania zaidi alikuwa mama wa hukohuko ranchi, Velma Johnston, sekretari, yeye na mumewe walikuwa na ranchi ndogo karibu na mji wa Reno, Nevada. Mwaka 1950 anaendesha gari kwenda kazini, mbele yake kuna lori linachuruzika damu, akalifuata, kumbe ndani ni farasi wa porini wanapelekwa kuchinjwa wawe chakula cha mbwa na paka! Enzi hizo walikuwa wanafukuzwa na ndege, ndege ya kuruka kabisa, mpaka wanaishiwa nguvu. Akaanza kuandika barua, watoto wa shule nao wakaandika kibao, wabaya wake wakambandika jina Wild Horse Annie, yaani Annie wa farasi wa porini, la kumkejeli, akalibeba hilohilo. Sheria ya 1959 ikakataza kuwawinda kwa ndege na magari, ya 1971 ikawalinda kwenye ardhi ya serikali kuu, na punda wa porini nao wamo (hapo mi nilifurahi).

Na huo upori wao usikutishe, asili yao ni farasi walioletwa na Wahispania wakatoroka, sawa na mbuzi wako wapotelee msituni wazaliane huko. Wakizidi, wengine wanagawiwa watu wakawafuge, na majike wanapigwa kwa mbali sindano ya kuzuia mimba, sasa hapo anatakiwa mtu anayemjua kila jike kwa rangi yake.

Huku kwetu tatizo ni mbung'o. Anaeneza ugonjwa wa nagana, na farasi hana ubavu nayo. Hata ng'ombe wengi unaowaona Lindi siku hizi wamekuja na wafugaji waliohamishwa kutoka Ihefu na Usangu miaka ya 2006 na 2007. Mbuzi anavumilia zaidi, ila ukimuona anakonda na huku anakula, matezi yamevimba, mwite bwana mifugo usisubiri mnada.